Beseni la Mama Mshumaa

Wifi yangu ni mwoga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo utakaloambiwa kwanza na yeyote utakayemuuliza habari zake, kuanzia muuza mkate mpaka fundi viatu wa pale kona. Anaogopa gari likirudi nyuma. Anaogopa jiko la gesi likichelewa kushika moto. Mtoto akikohoa chumba cha pili, yeye huku ameshasimama. Nilipoolewa kwenye nyumba ile nilidhani nimepewa wifi mwenye roho ya kuku, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, nikamwambia hivyo hivyo. Akanijibu taratibu, "Kuku anajua kuna mwewe, wifi. Wewe hujamwona bado." Nikacheka. Nilikuwa mgeni, sikujua mwewe wa nyumba ile anakaa chini ya sakafu ninayosimama.

Sisi ni watu wa mvinyo. Mbele ya nyumba kuna ua wa mawe, nyuma kuna shamba la mizabibu linaloteremka mpaka barabarani, na chini ya jiko ninalopikia kuna chumba kilichochimbwa na babu yake mume wangu. Wenzetu wana majina ya kifahari ya vyumba kama hivyo. Sisi tunakiita shimo. Unafungua mlango uani, unashuka ngazi za mawe, unakuta mapipa yamejipanga huku na huku, makubwa kiasi kwamba ukitaka kumficha ng'ombe humo utamficha. Wakati wa mavuno zabibu hukanyagwa uani, maji yake na maganda yake humiminwa kwenye mapipa, na baada ya siku chache huanza kuchemka yenyewe, bila moto. Ukitega sikio mlangoni utasikia kama mtu anayesaga meno usingizini.

Kuchemka huko ndiko kunakotoa hewa nzito. Haina rangi wala moshi. Inafurika kwenye midomo ya mapipa, inashuka sakafuni kama maji, halafu inajaza shimo kuanzia chini kwenda juu. Ukiingia ndani yake hupati hata nafasi ya kushangaa. Magoti yanalegea, unakaa, na hapo ulipokaa ndipo utakapookotwa.

Baba mkwe wangu aliokotwa hivyo. Alishuka kufuata ndoo aliyoisahau, na ngazi alizijua kuliko alivyojua sura yake. Mwanawe wa kwanza, kijana aliyekuwa karibu kuoa, akamwona baba amelala chini, akamkimbilia. Wifi yangu wakati huo alikuwa msichana mdogo, amesimama mlangoni na mshumaa. Alianza kushuka na yeye. Mama yao, mjamzito wakati huo, mume wangu yumo tumboni, alimkamata gauni kwa nyuma, akamvuta, akamkalia palepale kizingitini mpaka majirani wakaja. Baba na mwana walizikwa siku moja.

Toka hapo nyumba ikawa na sheria mbili. Ya kwanza, mshumaa unatangulia. Unaushika chini, usawa wa goti, mbele ya mguu wako. Mwali ukisinzia, unarudi kinyumenyume. Ukizimika, na wewe ulikuwa karibu kuzimika. Sheria ya pili husemwa kwa sauti ndogo, na mimi niliambiwa usiku wa harusi yangu kana kwamba ni sehemu ya mahari: anayeanguka hafuatwi.

Sasa wewe fikiria msichana aliyekaliwa na mama yake kizingitini, halafu akakua, na kazi aliyorithi ni hiyo hiyo ya shimo. Yeye ndiye aliyekuwa akishuka wa kwanza asubuhi, yeye ndiye aliyekoroga mapipa kwa mti mrefu, yeye ndiye aliyeonja na kusema hili tayari, hili bado. Mfuko wa aproni yake haukukosa mshumaa na kiberiti hata siku ya kwenda sokoni. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mama Mshumaa. Aliolewa, ndiyo, lakini mume alifunga mzigo mapema, akisema hawezi kulala na mwanamke anayeamka kila saa kunusa hewa. Akamwachia binti mmoja. Huyo binti tunamwita Redio, maana toka alipojua kusema hajawahi kuzimwa.

Kulikuwa na jambo jingine la wifi ambalo kwangu lilikuwa mchezo wa kila asubuhi. Kabla sijawasha jiko, yeye alikuwa ameshajaza beseni kwenye bomba la uani, ameinama, ametumbukiza uso mzima majini. Na alikaa humo. Mimi natoa majivu, yeye yumo. Nachota maji ya chai, yeye yumo. "Wifi," nilikuwa namwambia, "hata ukijiloweka kama maharage, mikunjo hiyo haitoki." Alikuwa akiibuka macho mekundu, maji yanamchuruzika kidevuni, ananiambia anaosha macho. Nikaamini. Nani atamchunguza mtu na beseni lake?

Redio ndiye aliyetuletea wageni. Alikwenda kusoma mjini, akarudi na maneno kwamba kuna watu huko ng'ambo wanapanda ndege ili waje kulala kwenye vitanda vya watu kama sisi, wakanyage zabibu kwa miguu yao, wajifunze kusuka vikapu vya kuvunia, waonje mvinyo pale pale unapotoka, wapike na mwenye nyumba. Nilimcheka mpaka nikakaa chini. "Mtu apande ndege aje kukata vitunguu jikoni kwangu?" Wakaja. Wakakata vitunguu, wakatokwa machozi, wakanishukuru. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema kweli. Paa letu lilizibwa msimu ule, na mume wangu akapata viatu ambavyo havijavaliwa na mtu mwingine kabla yake.

Lakini pale mlangoni pa shimo ndipo Redio alipojipatia sifa. Aliwasimamisha wageni, akampa kila mmoja mshumaa, akamketisha mama yake kizingitini na mshumaa wake, halafu akawasimulia habari za babu. Babu ambaye hakuwahi kumwona. Akifika kwenye ndoo, anashusha sauti. Akifika kwa mjomba wake aliyekimbilia, ananyamaza kidogo, kwa makusudi. Wageni wanajikumbatia mabega. Wengine wanapiga picha. Wifi hakujua lugha yao hata neno moja, lakini kwa kuangalia nyuso zao alijua hadithi imefika wapi, na ikifika pale kwa kaka yake alikuwa akiinamisha kichwa, nao wanapiga picha tena. Mimi iliniudhi. Nilimwambia Redio waziwazi kwamba mfu hauzwi. Akaniambia, "Anti, wanapenda kitu cha kweli. Na mama mwenyewe hajakataa."

Kweli hakukataa. Mishumaa ilikuwa inashuka, kwake hilo lilitosha.

Halafu mgeni mmoja akaunguza mtandio wa mwenzake kwenye ngazi. Ulizimwa kwa makofi mawili, hakuna aliyeumia, jioni wakacheka. Lakini habari zikamfikia wakala, yule bwana wa mjini anayetuletea wageni, naye akapiga simu: moto marufuku, taa zifungwe, la sivyo wageni atawapeleka kwingine. Kwa hiyo Redio na mume wangu wakatandaza waya ukutani, wakaning'iniza vitaa vya manjano kutoka mlangoni mpaka pipa la mwisho. Shimo likang'aa kama ukumbi wa harusi.

Wifi alisimama juu, akaangalia kwa muda mrefu. Halafu akamuuliza binti yake, "Taa hii ikikutana na hewa nzito itafanya nini?"

"Itaendelea kuwaka tu, mama."

"Haya, nimekwambia," akasema, akaondoka.

Wakapatana kwa shida. Kila asubuhi, wageni wakiwa bado wamelala, wifi angeshuka na mshumaa wake kupima. Na tundu la chini lingebaki wazi siku zote. Hili tundu liko mwisho wa shimo, kwenye ukuta unaotazama mteremko wa shamba. Ni dogo kama dirisha la choo, lina kifuniko cha mbao, na humo ndimo hewa nzito inamomiminika kwenda nje. Baada ya hapo wifi akaondolewa mlangoni kabisa. Wakala aliona picha zake, akasema mama yule na mshumaa wake mchana kweupe, kando ya taa, anaonekana kama mlinzi wa makaburi. Akahamishiwa kwenye mkeka wa kusukia vikapu.

Mavuno ya mwaka ule yalikuja na joto la kupasua mawe. Zabibu ziliiva kwa pamoja, tamu mpaka nyuki walilewa. Mapipa yote yalijaa, hata lile la mwisho ambalo huwa tunaliacha, kwa kuwa wageni walikuwa wengi na kila mmoja alitaka kukanyaga. Yakachemka kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia. Kelele zake zilipenya sakafu ya jiko.

Wifi akaacha kula. Nilimkuta amekaa mlangoni pa shimo ameshika tama, mara nyingine ameinama anasikiliza kama mkunga. Nilimgombeza. Nilimwambia, "Wifi, utatuua kwa hofu kabla hewa haijatugusa." Akaendelea kusikiliza. Na mimi niliyejifanya jasiri, naye alinipaka ile hofu yake. Hofu ni kama upele, ukikaa karibu na mwenye nayo utajikuta unajikuna. Nilikuwa nakatakata nyama huku mguu wangu unagonga sakafu, unagonga, bila mimi kuuagiza. Nilijua kilichoko chini yangu. Kila Redio alipofungua ule mlango na kundi lake nyuma, nilisimamisha kisu mpaka niwasikie wakitoka, na nilimjua kwa sauti: anashuka anaongea, anachota anaongea, anapanda anaongea. Siku nyingi nilipika supu nikiwa nimetega sikio namna hiyo.

Siku yenyewe chakula cha mchana kiliandaliwa upande wa mteremko, kwenye kivuli cha mizabibu, kwa sababu uani palikuwa hapakaliki kwa jua. Ni pazuri, lakini ni karibu na tundu la chini. Harufu ya mapipa inatokea pale, na vijidudu vyake. Mgeni mmoja wa kike alifunika pua kwa leso. Mume wangu akaona. Yeye ni mtu ambaye mgeni akikunja uso usingizi unamtoka, na adabu hiyo ndiyo aliyolelewa nayo: mgeni asinuse uchafu wa nyumba yako. Akazunguka kimya kimya, akafunga kifuniko cha tundu, akasogezea benchi. Alinuia kufungua wakimaliza kula. Wakamaliza, wakamwomba awaonyeshe namna ya kunoa kisu cha kuvunia, akaenda nao. Hayo yote tuliyajua baadaye.

Sisi wengine tulirudi uani. Wifi alikuwa mkekani na wageni wake wa vikapu. Kulikuwa na bwana mmoja mkubwa, vidole kama ndizi, aliyekuwa anahangaika kukunja ukingo wa kikapu, na wifi anamshika mkono kumwelekeza. Mimi nilikuwa bombani nasugua masufuria. Redio akapita na jagi, akawaambia wageni kitu wakacheka, akaniambia, "Anti, nawachotea ule mchanga waonje," akimaanisha mvinyo ambao bado haujakomaa. Akafungua mlango. Taa za manjano zikamulika uso wake. Akashuka huku anaongea.

Nilisugua sufuria moja. Nikachukua ya pili. Nikaona mikono ya wifi imesimama juu ya kikapu.

"Redio yuko wapi?"

"Kaenda kuchota."

"Simsikii," akasema.

Nilifunga bomba. Na mimi sikumsikia. Nilisikia mapipa tu.

Wifi aliinuka, kikapu kikabiringika. Alivuta ufito mmoja mrefu wa kusukia, akatoa mshumaa mfukoni, akaufunga nchani kwa uzi huku anatembea, akauwasha. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alipofika mlangoni akaushusha ule mwali kwenye ngazi za juu kabisa, hata kabla haujafika katikati. Ukalala. Ukazimika.

Na kule chini taa zote zinawaka. Niliona kila kitu, sikutakiwa kubahatisha. Niliona jagi limevunjika. Niliona ndara imetoka mguuni. Niliona Redio amelala ubavu kando ya pipa la tatu, mkono umenyooka kuelekea ngazi, na vitaa vinamwangazia vizuri kama anapigwa picha. Nikapiga ukelele wa kumwita mume wangu.

Mume wangu alikuja mbio aliposikia nimemwita. Hakuuliza. Alikuwa ameshaweka mguu ngazi ya kwanza pale wifi alipomchapa na ufito kifuani, akakaa kizingitini, akashika miimo yote miwili ya mlango.

"Anayeanguka hafuatwi."

"Dada, ni Redio yule."

"Najua ni nani, nilimzaa mwenyewe. Tundu liko wazi?"

Niliuona uso wa mume wangu ukibadilika. Sitaki kuuona tena uso ule juu ya mtu yeyote.

"Kimbia ukafungue," wifi akasema. "Usimame huko huko, usitie hata kichwa."

Akakimbia. Wageni walikuwa wameshajaa nyuma yetu. Walikuwa wameambiwa tangu nyumbani kwao kwamba mlangoni hapa husimuliwa kisa cha kutisha, na sasa wanamwona mama na mshumaa uliozimika, ndugu anasukumwa, mimi nalia. Wakainua simu zao. Halafu mmoja akaanza kupiga makofi, taratibu, kwa heshima, na wengine wakafuata. Walidhani ndicho kisa chenyewe.

Nilimrushia sufuria aliyekuwa karibu. Lilimpata begani. Makofi yakakoma, na wakatuangalia upya, mmoja mmoja, kama watu wanaoamka.

Wifi hakugeuka hata. Alitundua kamba mbili za kupandishia mapipa, zile zinazokaa msumarini kando ya mlango, moja akajifunga ncha yake kiunoni. Ncha ya kamba nyingine akaifanyia kitanzi, akakivaa begani. Kamba zote mbili akanipa mimi.

"Hii niliyojifunga, ikilegea bila mimi kurudi, vuta. Nikianguka, vuta. Usishuke, wifi. Nakuomba kwa watoto wako, usishuke."

"Na sheria?" nilisema. Sijui kwa nini niliuliza hilo. Ulimi ulijisemea.

Alivua viatu. Akasimama, akafumba macho, akavuta hewa ndefu na kuitoa, akavuta na kuitoa, mabega yanapanda na kushuka. Niliwahi kuiona sura ile mahali, lakini kichwa changu hakikuwa na nafasi ya kukumbuka. Halafu akavuta moja kubwa, akafunga mdomo, akashuka.

Na mimi nilifunga mdomo nilipoona amefunga. Nilitaka kujua pumzi yake imefikia wapi. Hakukimbia. Alishuka kama anavyoshuka kila siku, anaweka mguu, anaweka mguu, na kifua changu kilianza kuwaka kabla hajamaliza ngazi. Alipokanyaga sakafu nilishindwa, nikavuta hewa kwa kelele. Yeye bado. Alipofika kwa mwanawe akapiga magoti, akapitisha kitanzi chini ya kwapa moja, kikateleza. Akapitisha tena. Mimi nilikuwa nasema maneno, nafikiri nilikuwa naomba, au namtukana. Niliona vidole vyake vinakaza fundo. Niliona anambusu? Hapana, alikuwa anamwinua kichwa ili kisinase. Akasimama. Akarudi mikono mitupu, anapanda, macho yamemtoka, uso umekuwa wa zambarau, na hakuongeza mwendo hata pale. Aliangukia kifuani kwangu, na sauti aliyovutia hewa ilikuwa kama ya kitambaa kinachochanwa.

"Vuteni."

Yule bwana wa vidole vya ndizi alikuwa ameshajizungushia kamba mkononi. Hatukuwa na lugha moja, lakini tulivuta pamoja. Redio alipanda ngazi akiburuzika, kidevu kikigonga mawe, na kila kilipogonga mimi nilifumba macho na kuvuta zaidi.

Tulimlaza uani. Alikuwa na rangi ya majivu. Wifi alimpiga kofi, akampuliza mdomoni, akamlaza ubavu, akampiga mgongoni, akampuliza tena. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka kwenye tundu na amesimama mbali, haji karibu, kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Niliitazama ile midomo na nikaanza kufikiria, Mungu anisamehe, ni nani nitakayemwita kuja kuosha maiti. Ndipo Redio akakohoa, akatapikia miguu yangu. Katika maisha yangu sijafurahia matapishi kama yale.

Wifi aliinuka, akaenda mlangoni, akazima taa. Kisha akakaa chini pale kizingitini, na hapo ndipo alipoanza kutetemeka, meno yakigongana kwenye jua kali lile, mpaka tukamfunika blanketi la wageni.

Hospitali walimlaza Redio usiku ule, wakamrudisha na kidevu kimeshonwa. Wageni waliondoka mapema, kimya, yule bwana mkubwa akabeba kikapu chake ambacho hakijaisha ukingo. Wakala alipopiga simu ilipokelewa na mume wangu, mtu ambaye hapandishi sauti hata kwa mbuzi aliyeingia bustanini. Alimwambia kwamba pasipo mshumaa hakuna shimo, na akipenda awapeleke hao watu wake kwingine. Akakata, akaenda kung'oa kifuniko cha tundu, akakichoma jikoni kwangu. Mwenyewe hajajisamehe. Wifi hajamlaumu kwa neno moja, na nadhani hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Wageni bado wanakuja, wachache kuliko zamani. Bado wanakata vitunguu, bado wanasuka vikapu vilivyopinda. Lakini mlangoni pa shimo Redio hasimulii tena. Anawasha mshumaa, anaushusha, anasubiri, kisha anatangulia bila kusema chochote, nao wanamfuata kimya. Wakimuuliza kama kweli kuna aliyekufa humo, anasema ndiyo, na anaendelea kushuka.

Mimi nilichelewa kuelewa, maana mtu akizoea kumcheka mwenzake macho yake hupofuka upande ule. Ilikuwa siku ya pili baada ya Redio kutoka hospitali. Nilitoka na majivu, nikamkuta wifi kwenye beseni. Nikasimama na ndoo mkononi. Nilisubiri, na nilisubiri, na alipoibuka akafumba macho, akavuta hewa na kuitoa, mabega yakipanda na kushuka, nikaikumbuka ile sura ya mlangoni pa shimo.

"Wifi. Si macho unayoosha."

Alijifuta kwa kanga. "Si macho."

"Toka lini?"

"Toka alipoanza kutembea. Mtoto akishajua kutembea, atajua na kushuka." Akamwaga maji, akafungua bomba tena. "Mwanzo nilikuwa sifiki hata pipa la kwanza. Nilijipima kule shambani, natembea nimefunga mdomo, nikiishiwa naweka jiwe. Mwaka ule Redio alipomaliza shule ndipo nilipofika la tatu."

Nilifikiria asubuhi zote zile. Nilifikiria maharage yangu na mikunjo yangu, na jinsi nilivyokuwa nikirudi jikoni nikijichekea.

"Na siku zote unatuambia anayeanguka hafuatwi," nikamwambia, na nilisikia hasira kwenye sauti yangu, hasira ya mtu aliyeachwa nje ya jambo. "Wewe umefuata."

"Mimi nina pumzi," akasema. "Nyie hamna."

Akatumbukiza uso. Nilidhani mazungumzo yameisha, lakini safari hii aliibuka mapema, akabaki ameshika kingo za beseni.

"Imeanza kupungua, wifi. Umri huo. Siku ile pale mwisho, ngazi za juu, sikuwa naona kitu, nilikuwa napapasa. Mavuno yajayo sijui kama nitafika la pili."

Alisema hivyo akiangalia maji. Hakuwa anajilalamikia. Alikuwa ananipa habari, kama vile mtu anavyokwambia unga umebaki kidogo. Jana yake tu binti yangu mdogo alikuwa ameniomba, mavuno yajayo, awe anashuka na Redio kuwaongoza wageni, na mimi, kwa kupenda sifa, nilikuwa nimeshakubali.

Siku hizi kuna mabeseni mawili kwenye bomba letu. Langu ni la kijani, nililinunua sokoni na muuzaji akaniuliza kama nimepata mtoto mwingine uzeeni. Muuza maziwa akipita alfajiri anatukuta wawili tumeinama, na najua anachokwenda kusimulia mtaani, acha asimulie. Maji ni ya baridi. Masikio yanavuma, kifua kinawaka, na kila asubuhi kuna wakati ninaona wazi kabisa vile vitaa vya manjano na ndara iliyotoka mguuni, ila mguu si wa Redio. Hapo ndipo ninapotaka kuinuka. Wifi anajua ni wapi. Anakuwa ameshamaliza zamu yake, amesimama kando yangu, ameniwekea mkono kisogoni, ananishikilia kidogo zaidi.